Mbuzi Niliowapeleka Vuhovi

Ndugu msomaji, juma lililopita nilikuacha mlangoni kwangu, mume wangu Josaphat ameingia na matope ya Butembo kwenye viatu, hajanisalimu, akasema: "Godelive, nimepata mwanamuke."

Wewe uliyenijia leo kwa mara ya kwanza, kaa hapa karibu, nitakurudisha nyuma kidogo tu. Ilikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa vimeikata nchi vipande, na sisi wa Butembo tulikuwa chini ya wakubwa waliokaa Beni. Josaphat ni mjenzi. Mairie, ofisi ya meya wa mji, ilikuwa imetangaza kazi ya kujenga upya mifereji na vibanda vya soko, kazi kubwa kuliko yoyote tuliyowahi kuiota, na pesa yake ilitoka kwa wazungu. Wazungu wakaja na kanuni yao. Kila kampuni inayoomba lazima iwe na mwanamke mwenye sehemu ya tatu ya mali, na asaini kwa mkono wake mwenyewe. Walisema ni haki sawa.

Josaphat aliandika jina langu kwenye dossier, faili la maombi. Mairie wakalikata. Mke wa patron, mwenye kampuni, walisema, si mshirika, chungu chao ni kimoja. Tukamtaja dada yangu. Lakini kwa sheria ya nchi mwanamke mwenye bwana hasaini kitu mpaka bwana aruhusu, na shemeji yangu alikataa katakata. Basi kazi ikawa inatutoka mikononi hivihivi, kwa kukosa mwanamke.

Ndipo likaja neno lile la mlangoni.

"Mwanamuke gani?" nikauliza. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Mikono ikasimama.

"Wa dossier, Godelive. Wa mairie."

"Nakuuliza jina yake."

"Solange."

Sasa, huyu Solange. Alikuwa mjane wa Kahongya, kaka mkubwa wa Josaphat, aliyeuawa mwaka uliotangulia kwenye barabara ya Eringeti akirudi na mzigo wa mpunga. Nyumba yake ilikuwa ndani ya ua wetu huohuo. Na kwetu, kaka akifa, macho yote ya familia humgeukia mdogo wake: atamwachaje mke wa kaka peke yake? Padri alishasema hapana. Mimi nilisema hapana kwa sauti kubwa kuliko ya padri. Josaphat naye aliapa kwamba ana mke mmoja, nami nikalala usingizi.

"Yee ni mujane," akasema. "Haombi mutu ruhusa. Anasaini yee mwenyewe. Na si muke wangu."

"Bado," nikasema.

"Eh?"

"Nimesema si muke wako bado."

Josaphat akacheka, akavua viatu. Mimi sikucheka.

Nitasema wazi, maana gazeti hili halinilipi ili nijipambe. Nilikuwa na wivu. Wivu ule wa kuhesabu vijiko, wa kusikiliza kikohozi cha mtu upande wa pili wa ukuta na kuuliza kakohoa kwa ajili ya nani. Ningependa kukuambia kwamba Solange alikuwa mbaya wa sura. Hakuwa. Hata nguo nyeusi za matanga zilimkaa vizuri, jambo ambalo mpaka leo naliona si la haki.

Alipovua nguo zile, mwaka wa matanga ulipokwisha, alivaa kitenge cha kijani. Josaphat akamwona akipita uani.

"Associée amependeza," akasema.

Associée! Ni Kifaransa cha mshirika. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo nyumbani mwangu, na sasa lilikuwa halitoki. Associée amesema hivi, associée ameona vile. Kiti kizuri kikatoka sebuleni kwangu kikaenda kwa associée, kwa sababu mtu hawezi kusaini amekaa juu ya kinu. Mwavuli ukaenda. Taa ya petroli ikafuata.

Siku moja nilikuwa nimepika bugali, nimepanga sahani.

"Mie nitakula kule," Josaphat akasema. "Tuko na devis, tunahesabu bei ya kazi na associée."

"Devis inaliwa na nini?"

"Na samaki, nazani."

Harufu ilinifikia nikiwa nimekaa mlangoni. Ilikuwa ngege ya chumvi kutoka ziwani Kyavinyonge, imekaangwa vizuri na vitunguu. Nilimjua samaki yule. Kazi yangu ni kuuza samaki, na yule nilimuuzia Solange mimi mwenyewe asubuhi yake, tena nilimchagulia mnono.

Kesho yake nikamfuata penye kamba ya nguo.

"Mama Lévi," nikamwita kwa jina la mtoto wake, kwa heshima, maana tusi zuri huanza na heshima. "Hii kazi ya banaume utaiweza kweli?"

"Mama Joyeuse, mie nasaini tu fasi bananionyesha," akasema, huku akikamua shati. "Lakini sasa nimeanza kusoma mbele ya kusaini."

"Unasoma nini?"

"Bei ya ciment. Baba Joyeuse alikuwa anailipa bei ya kijinga. Nimemwambia, ameenda kwa muuzaji mwingine."

"Amekusikia?"

"Palepale."

Nikarudi ndani. Bei ile ya ciment nilikuwa nimempigia kelele Josaphat tangu ndoa yetu ikiwa changa. Kila mara aliniambia nirudie samaki wangu.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba Solange lazima aondoke.

Usidhani sikuwaza kazi. Niliiwaza. Nilikuwa tayari nimempata mjane mwingine katika shirika letu la kanisa, mama mwenye magoti mabovu na meno ya kuhesabika, mtu safi kabisa wa kusaini. Kilichobaki kilikuwa kumtoa Solange bila mimi kuonekana. Kumfukuza nisingeweza. Mjane hafukuzwi kwenye ua wa bwana yake. Lakini baba yake alikuwa hai, mzee Siméon wa kijiji cha Vuhovi, na baba akimwita binti yake nyumbani, binti anakwenda.

Basi nitamwomba mzee Siméon amwite.

Na kwetu hakuna anayefungua kinywa mbele ya mzee juu ya binti yake na mikono mitupu. Samaki angekuwa kitu kidogo. Kumpelekea mzee pesa mkononi kungekuwa matusi. Nikauza mzigo wangu wote wa samaki, nikanunua mbuzi wawili, dume na jike, wanene, wenye manyoya ya kung'aa. Mimi si mtu wa kufanya jambo nusunusu.

Nilimpa Abdias, jamaa anayeshusha maharagwe kutoka Vuhovi na kurudi kule mtupu.

"Ukifika kwa muzee Siméon," nikamwambia, "sema hizi zinatoka ku nyumba ya Josaphat. Sema matanga imekwisha. Sema amwite binti yake nyumbani."

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu. Jina yangu usiitaje."

Abdias akawafunga kamba, akaenda. Nami, Mungu anisamehe, niliimba siku nzima. Hata Solange nilimsalimu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Abdias alirudi kesho yake, jua likiwa juu. Alikuwa mwekundu wa macho na alinuka kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Mama Joyeuse, kazi imeenda muzuri sana! Muzee anasema wasingya, aksanti mingi. Amechinja ile dume palepale. Ameita majirani bote."

"Amechinja?"

"Bamekula, bamekunywa, bamecheza. Mie pia nimecheza."

"Amefurahi hivi juu binti yake atarudi nyumbani?"

"Anasema alikuwa anangojea hii siku. Anasema Josaphat ni mwanaume wa kweli. Hakuvizia mujane gizani sawa bengine. Amefuata njia."

"Njia gani?"

Abdias akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Lakini mama! Mbuzi zinatoka ku nyumba ya mwanaume, zinaingia ku nyumba ya baba ya mwanamuke. Tena dume na jike. Tena na neno ya kumwita binti nyumbani, apate kuombwa fasi alizaliwa. Ulitaka njia gani ingine?"

Nilikaa chini. Sikukaa juu ya kiti, nilikaa chini kabisa, kwenye maganda ya muhogo.

Mimi binti wa Kinande, niliyetolewa mbuzi mwenyewe, niliyewaona wakiingia uani kwa baba yangu watu wakipiga vigelegele. Nilijua mbuzi husema nini. Lakini wivu ulikuwa umenijaa mpaka machoni, sikuona kitu kingine isipokuwa mgongo wa Solange akiondoka. Nilikuwa nimeuza samaki wangu nikamposea mume wangu mke wa pili.

"Mbio! Rudi ukamwambie muzee ni kosa," nikamwambia Abdias. "Arudishe mbuzi."

"Arudishe ile ameshakula?"

"Alipe ingine!"

"Mama, kurudisha mbuzi ni bazee ba nyumba mbili kukaa na kuuliza. Ya kwanza bataulizia: nani alituma? Nitajibu nini?"

Nikampa samaki wa mwisho aliyebaki ndani ili anyamaze. Alinyamaza yeye. Vuhovi yote haikunyamaza.

Jumapili Solange aliitwa kwao. Alirudi jioni na ndizi kichwani, akazitua, akapita mbele ya Josaphat bila kumtazama. Josaphat alikuwa anapiga misumari kwenye dirisha, hakuona kitu. Nikangoja Solange aseme. Hakusema. Nikajua kwa nini: mwanamke aliyeposwa hamuulizi mwanamume. Anangoja mwanamume afungue mdomo. Na yule mwanamume wa watu hakujua kwamba ameposa.

Jumatano iliyofuata dossier zilikuwa zinafunguliwa Beni.

"Na mie nakwenda," nikasema.

"Kufanya nini?" Josaphat akauliza.

"Kuuza samaki."

"Samaki gani? Nyumba ni tupu."

"Kutazama bei, basi."

Tukapanda juu ya gari la mizigo, sisi watatu, katikati ya magunia. Solange alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine, Josaphat katikati ameshika dossier kifuani. Kila gari lilipoyumba alimwegemea mmoja wetu, nami nilikuwa naangalia ni yupi.

Penye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akatusimamisha na bunduki begani.

"Bokita! Wote chini!"

Tukashuka. Akamtazama Josaphat, akamtazama Solange na kitenge chake cha kijani.

"Papa, oyo nde mwasi na yo?" Alikuwa anauliza kama huyo ndiye mke wake.

"Hapana, chef. Huyu ni associée."

"Na huyu wa kununa?"

"Huyu njo bibi yangu."

Askari wakacheka wote. Yule wa kwanza akapokea sigara zake za kutupitisha, akampiga Josaphat begani, akamwambia amewachanganya wanawake. Solange akatazama msituni. Mimi nilimkumbuka Mungu, nikamwomba vitu ambavyo Mkristo haombi.

Ukumbi wa Beni ulijaa. Mbele alikaa mkubwa wa commission ya kuchagua kampuni, Madame Agar, mama aliyekuwa zamani directrice, mwalimu mkuu wa shule, na bado alikuwa na macho yale ya kumfanya mtu afiche mikono. Kampuni nyingine zilikuwa zimeanguka tayari. Moja ilileta mwanamke asiyejua jina la kampuni yake. Nyingine ilileta mke wa patron aliyejibandika jina la dada yake. Tulibaki sisi na Ananie.

Ananie alikuwa mjenzi kama Josaphat, adui yake wa siku zote, mtu wa suti na manukato. Mshirika wake alikuwa shangazi yake, bibi kizee aliyekuwa amelala kwenye benchi, mdomo wazi.

Madame Agar akatufungulia dossier. Akasoma, akageuza, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Mwanamke yuko, sehemu yake iko, mkono wake uko. Bei ni nzuri. Nani ana neno juu ya kampuni hii?"

"Mie, Madame." Ananie akasimama, akajinyoosha koti. "Kanuni inasema associée asikuwe muke wa patron. Njo vile?"

"Ni hivyo."

"Donc, basi hii dossier ifungwe. Huyu mama Solange ni muke wa Josaphat. Mbuzi zimeingia Vuhovi juma lililopita, ku nyumba ya baba yake. Bamekula, bamekunywa. Niko na shemeji yangu kule, alipata mpaka muguu."

Watu wakaguna. Bibi kizee akaamka, akauliza kama ni saa ya kula.

Nilijificha nyuma ya mgongo wa Josaphat. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua, na hili naomba uniandikie mahali pema, kwa sababu mambo mema niliyofanya mwaka ule ni machache. Josaphat atasema hapana. Ni lazima aseme hapana, maana hakujua kitu. Atakapokana, watamwita mwongo, na hapo mimi nitasimama. Nitasema: ni mie nilituma, juu ya wivu. Watanicheka kuanzia Beni mpaka Butembo. Basi wanicheke. Kazi itabaki, na mume wangu atabaki.

Nilikuwa nimeshaifunga vizuri nguo yangu kiunoni ili nisimame.

"Josaphat," Madame Agar akasema, "mimi sitaki maneno mengi. Mbuzi walitoka nyumbani kwako?"

Josaphat alikuwa amefungua mdomo. Alimtazama Ananie. Kisha akamtazama Solange, naye Solange alikuwa anatazama mikono yake. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao tu, hakugeuka.

"Mbuzi ni wako, au si wako?" Madame Agar akarudia.

"Ni zangu," Josaphat akasema.

Ananie akapiga makofi peke yake. Madame Agar akavua miwani, akaifunga dossier yetu, akaisogeza kando. Kazi yetu ilikuwa imekwenda, mifereji yote na vibanda vyote, kwa maneno mawili ya mume wangu.

Nami nikabaki nimekaa. Ningesema nini? Mtu amedai mbuzi ambao hajapata kuwaona. Nikajiambia: amejua. Ameunganisha mambo, amejua ni mimi, ameubeba mzigo ili nisiaibike mbele za watu. Ee Josaphat wangu! Macho yakanilowa. Kwa dakika ile, na sikufichi, nilimpenda kuliko siku ya harusi.

"Madame."

Aliyesema alikuwa Solange. Alikuwa amesimama.

"Mie niko na sauti mu hii kampuni, ao siko nayo?"

"Unayo. Ndiyo maana ya kanuni."

"Basi juu ya nini munauliza mbuzi kwa banaume? Ananie ameulizwa, Josaphat ameulizwa. Mie hapana mutu ameniuliza."

Madame Agar akairudisha miwani. "Haya. Nakuuliza. Wewe ni mke wa Josaphat?"

"Hapana."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi imeliwa na baba yangu na majirani. Mie sikukula hata mufupa. Niliitwa Vuhovi, nikakuta damu chini na batu banacheza, bananiambia nimeolewa." Akamgeukia Josaphat. "Josaphat ni mudogo wa bwana yangu, namuheshimu. Kazi nitafanya naye. Lakini hakuniuliza, na kama angeniuliza ningemukatalia. Bibi yake siko, na sitakuwa. Ile mbuzi ya pili atarudishiwa. Ile ya kwanza nitailipa ku sehemu yangu."

Kisha wanawake waliokaa dirishani, waliokuja kuuza maandazi, wakaanza kushangilia, na Madame Agar hakuwazuia.

"Kanuni inataka mwanamke anayesema mwenyewe," akasema. "Nadhani tumemsikia." Akaivuta dossier yetu, akaifungua tena. Ananie alipotaka kusimama, akamwambia kwanza amwamshe mshirika wake.

Kabla ya saa sita tulikuwa tumepata kazi.

Ungenitazama wakati ule, msomaji, ungesema huyu ni mwanamke mwenye heri kuliko wote Beni. Kazi ya soko imepatikana. Solange mwenyewe, mbele ya watu, amemkataa mume wangu. Wala sikuwa nimefungua mdomo. Nilitaka kumkumbatia yule mwanamke, na ningekuwa na samaki ningempa.

Wakamwita aingie ofisini kusaini. Alipopita akanipa mkoba wake.

"Nishikie, Mama Joyeuse."

"Nitakushikia mpaka kesho," nikasema, na nilimaanisha.

Josaphat alitoka barazani, akaegemea nguzo. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepata kazi. Nikamsogelea kwa upole wote niliokuwa nao. Nilitaka nimshukuru, ila nilitaka yeye aanze, aniambie kwamba amenikinga.

"Baba Joyeuse. Zile mbuzi, ni weye ulituma kweli?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini ulisema ni zako?"

Alikwangua matope kwenye kiatu kwa ncha ya kiatu kingine. Nilimngoja. Nilikuwa tayari natabasamu.

"Nilizani ni bazee ba familia bamezituma kwa jina yangu," akasema. "Bazee banafanyaka vile. Nilizani bameongea na baba yake, na yee amekubali."

"Nani amekubali?"

"Solange."

Tabasamu lilinibaki usoni, sikujua pa kulipeleka.

"Na soko?" nikasema. "Ulijua ukisema vile tunapoteza soko."

"Nilijua."

"Kazi ya mwaka muzima, Josaphat. Chakula ya batoto."

"Kazi itapatikana ingine," akasema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe jambo. Mimi nilikuwa mkewe tangu kabla ya vita hivi, nimemzalia, nimemuuzia samaki wangu ili anunue misumari, na siku niliyojifungua Joyeuse hakuacha hata gunia la ciment kuja kunitazama. Kwa ajili ya Solange alikuwa ameliacha soko zima la Butembo, kwa maneno mawili. Na Solange hakumtaka. Yule aliyekataliwa ndiye niliyerudishiwa mimi.

Kutoka ndani karani akaita: patron naye aje kuweka mkono chini ya mkono wa mshirika wake.

Josaphat akajifuta viganja kwenye suruali, akaenda. Penye mlango akasimama. Akageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni.

"Lakini Godelive," akasema, "kama si mie, na kama bazee hawakutuma, zile mbuzi zilitoka ku nyumba yetu na nani?"

Nyuma yake, mezani, Solange alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini, akainua kichwa, naye akawa ananingoja nijibu.